Nyanya Si Kontenti

Mwaka jana nilimrekodi nyanya yangu akiwa ameketi nje ya jikoni, hapa Mikinduri, akieleza jinsi msichana alivyoposwa zamani. Watu wa mvulana walipeleka kifungu maalum cha miraa kinachoitwa ncoolo, na wazazi wakikipokea, basi mazungumzo yamefunguka. Alieleza kwa Kimeru, mimi nikaweka maandishi ya Kiswahili chini. Wakati huo watu waliokuwa wakinilipa kila mwezi ili waone video zangu walikuwa 23. Wiki mbili baadaye walikuwa 61. Wengi ni watoto wa huku walioko Marekani, Uingereza na Ghuba. Kila mmoja hulipa dola 3. Piga hesabu: dola 183, zaidi ya Sh20,000 kabla ya makato. Kwa kijana wa huku asiye na shamba lake, si pesa kidogo hizo.

Baada ya hapo ujumbe ulikuwa mmoja, kwa maneno tofauti tofauti: tuletee nyanya tena.

Nikawaletea. Mara ya pili, ya tano, ya tisa. Siku moja akaniuliza, "Hao watu wa kwa simu, kwani wananijua?" Nikamwambia, "Wanakupenda sana, nyanya." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sikuuliza kama wananipenda."

Swali hilo limenikaa tangu siku ile, na ndilo ninalotaka tulitafakari. Mtu anayelipwa kila mwezi na watu asiowaona, anadaiwa nini nao? Kazi yake, ama yeye mwenyewe pamoja na watu wake?

Tuanze na msongamano. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wacha niseme ukweli: mtandaoni kizuri nacho hujitembeza, tena hadi soli za viatu ziishe. Patreon ilianza 2013, OnlyFans 2016, na siku hizi hata YouTube na Facebook zina njia ya kumlipa mtu kila mwezi ili uone yale ambayo wengine hawaoni. Kila mwenye simu ana kibanda sokoni. Mwaka 2008 Mmarekani Kevin Kelly aliandika insha iliyowapa wengi moyo: huhitaji umaarufu, unahitaji mashabiki wa kweli 1,000, kila mmoja akitumia dola 100 kwa mwaka kwenye kazi yako, nawe umepata riziki. Hesabu ni nzuri. Ugumu ni kuwapata hao 1,000, halafu kujua shabiki wa kweli akishakuwa wako anataka nini.

Kwa niliyoyaona, anataka kuwa karibu. Habari za posa anaweza kuzisoma kitabuni. Anachonilipia ni kuhisi kwamba ameketi nje ya jiko la nyanya. Hapo ndipo msongamano unapogeuka kuwa swali la maadili, maana njia rahisi ya kuwapita wenzako ni kufungua mlango wa nyumba ambao wao hawajafungua. Leo jikoni, kesho chumbani, kesho kutwa wodini.

Mtu ataniuliza: na ubaya uko wapi? Nyanya alikubali, wanaolipa ni watu wazima, na pesa zenyewe zilinunua dawa zake za presha. Hoja hiyo siidharau. Wanaohubiri kwamba pesa si kila kitu mara nyingi huwa wanazo. Ndiyo maana naona tuipime kwa biashara tunayoijua wenyewe.

Huku kwetu tunajua kuuza kitu kinachonyauka. Miraa ikishachumwa lazima iondoke mara moja, na ndiyo sababu zile pikapu hukimbilia Nairobi kana kwamba zinafukuzwa. Mabunda hufungwa kwa majani ya mgomba, na mnunuzi wa mbali hafungui moja moja. Analipa kwa kuuamini mkono uliofunga. Wajanja hawakosi: nje wanapanga nzuri, katikati wanajaza makapi. Wanafaidi mara moja, mara mbili, kisha jina lao linaenea soko zima. Malipo ya kila mwezi ni bunda la aina hiyo. Mtu ananilipa mwanzo wa mwezi kwa kitu ambacho bado sijakitengeneza. Basi deni lipo, tena ni deni la kweli: kazi safi, kwa wakati, bila makapi katikati. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huko mtandaoni sifa haziishi.

Lakini hata mkulima wa miraa hauzi mti. Anachuma machipukizi. Ile miti mikongwe tunayoiita mbaine imechumwa na vizazi vingi, mwana akiirithi kutoka kwa babake, na mpaka leo inachipuka kwa sababu hakuna aliyekata shina kwa ajili ya bei nzuri ya siku moja. Na soko lenyewe si letu. Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014, na mifuko ya watu wa Nyambene ikatoboka. Machi 2020 Somalia ikasimamisha ndege za miraa, zikarudi Julai 2022. Mkulima hakuwa amemkosea mtu, lakini angalau alibaki na mti wake. Mitandao nayo ni hivyo hivyo: Agosti 2021 OnlyFans ilitangaza kwamba itakataza picha za ngono, ambazo ndizo zilikuwa riziki ya wengi huko, kisha ikageuza kauli ndani ya wiki moja. Wiki nzima watu hawakujua watakula nini. Sasa, aliyekuwa amekwisha kuuza shina, soko likifungwa anabaki na nini?

Mwaka 1785 mwanafalsafa Immanuel Kant alitofautisha vitu vyenye bei na kile kilicho juu ya bei. Chenye bei unaweza kuweka kingine cha thamani ileile mahali pake. Kilicho juu ya bei hakina mbadala. Kiswahili kina neno fupi kwa jambo hilo: utu. Hadithi ya posa ni chipukizi; ikitoka, nyingine itaota. Nyanya akihema kitandani, hilo ni shina.

Sijayajua haya kwa hekima yangu. Mwezi wa nane nyanya alilazwa. Mwezi ulikuwa unaisha, sikuwa nimeposti chochote, na nilijua kabisa ni video gani ingeniletea watu 100. Nikasimama kando ya kitanda na simu mkononi, nikijiambia ati wanastahili kujua, si wao ni kama familia? Nyanya akafumbua macho. "Weka hiyo simu," akasema, "unishike mkono."

Hapo swali lake la kwanza likaniingia. Wao walimpenda lakini hawakumjua, na yeye hakuwajua. Mapenzi ya namna hiyo si mabaya, ila hayampi mtu kiti wodini. Na mimi niliyemjua, nilikuwa karibu kuwa mmoja wao, nikimtazama kwenye kioo cha simu ilhali yuko mbele yangu.

Niliwaandikia waliolipa: mwezi huu sina kitu, nyumbani kuna ugonjwa, anayetaka pesa zake aniambie. Wanne walizitaka, nikawarudishia. Tisa wakaondoka kimya. Wamebaki 48. Sitasema sikuumia. Zile pesa za watu 13 zilikuwa na kazi.

Nyanya alirudi nyumbani, na sasa tuna utaratibu. Yeye ndiye anayechagua cha kusimulia, namwonyesha kabla sijaposti, na pesa za video zake tunagawana. Siku nyingine anakataa, basi narekodi mambo ya shamba, na watazamaji wanapungua. Kama kufaulu ni kuwapita wengine, sijafaulu. Kama ni mtu kufungua bunda lako na kukuta ndani kile alichoahidiwa, nawe nyumbani bado una mti, basi niko njiani.

Hata insha hii nilimsomea kwanza. Aliniambia nitoe sehemu moja, nikaitoa. Halafu, simu ikiwa imezimwa, akanisimulia habari za mtoto wake wa kwanza, ambazo sijawahi kuzisikia kwa mtu yeyote. Hizo hazimo humu.