Enyi Wazazi, Tazameni Koo la Mtoto

Ndugu zangu, mtoto akisema koo linamuuma, msimwambie anyamaze anywe uji. Mwiteni penye mwanga, apanue kinywa, mtazame. Je, mafindofindo yamevimba na kuwa mekundu? Yana madoa ya usaha? Matezi ya shingo yanauma yakiguswa? Ana homa, ilhali hakohoi wala hana mafua? Basi msikawie. Mpelekeni zahanati kukicha, kwa maana kinachoanza kooni chaweza kuishia moyoni.

Nasema kwa uchungu. Zaidi ya watu milioni 40 duniani wana mioyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na kila mwaka zaidi ya 300,000 hufa. Homa hiyo huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, umri wa kuruka kamba na kucheza chandimu. Chanzo ni bakteria wa kooni aitwaye streptokoka. Mwili unapopigana naye, kinga ya baadhi ya watoto hugeuka ikashambulia viungo vyao wenyewe. Wiki mbili tatu baada ya koo kupona, mama keshasahau, goti linavimba. Goti likipoa, kifundo cha mguu kinaanza, kisha kiwiko. Mwingine mikono inamcheza bila kutaka, kalamu inamponyoka darasani, na watu wananong'ona kuwa ana pepo. Hana pepo! Ni mgonjwa. Maumivu ya viungo huisha yenyewe, nasi tunashukuru na kuendelea na shughuli zetu, kumbe milango ya moyo imeanza kukakamaa, haifunguki wala kufunga sawasawa, na damu inarudi ilikotoka. Miaka inapita. Binti huyo anaolewa, anabeba mimba, moyo unaelemewa, na tunamzika tukisema ni uzazi.

Sikieni basi linaloniwaka kifuani. Penisilini imekuwepo hospitalini tangu miaka ya 1940! Katika nchi tajiri, nyumba zilipoacha kusongamana na dawa ikapatikana, homa hii karibu ilitoweka. Kuba na Kosta Rika hazikuwa tajiri, lakini zilipokaza nia kutibu makoo ya watoto wao, ugonjwa uliporomoka. Mwaka 2018, huko Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kupambana nao. Lakini azimio hilo haliwezi kuingia chumbani kwako usiku kumgusa mtoto paji la uso. Kazi hiyo ni yako.

Kwa hiyo nawasihi, acheni kukata kimeo! Wembe humwachia mtoto jeraha na damu, na bakteria wanabaki palepale. Nawe mwenye duka la dawa, mwogope Mungu, usimpimie mama vidonge vichache kwa kadiri ya sarafu alizoshika. Makoo mengi yanayouma husababishwa na virusi na hayahitaji antibayotiki. Ndiyo maana nasisitiza mtoto apimwe. Tiba ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, homa hii bado huzuilika.

Na yule ambaye moyo umekwisha kuguswa? Msimkatie tamaa. Kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwapima watoto kwa ultrasaundi na kuwakuta mamia wenye dalili za mwanzo zisizoonekana kwa macho. Kwa bahati nasibu, nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2. Kati ya watoto 400 ambao hawakuchomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa 33. Kati ya 399 waliochomwa, ulisonga mbele kwa 3. Watatu tu, wapendwa!

Sindano hiyo inauma, sifichi. Mtoto hujificha nyuma ya nyumba siku yake ikifika. Tena huendelea miaka mingi, kwa wengine hadi utu uzima, na hapo ndipo familia huishiwa nguvu: miezi ya kwanza wanakwenda, kisha nauli inakosekana, kisha wanasema mbona mtoto anacheza, amepona. Wanakuja kumfikisha Hospitali ya Mulago, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, miguu imevimba, hawezi kulala chali akapumua, na wanaulizia gharama za kubadilisha mlango wa moyo.

Wachungaji, maimamu, walimu, watoto hawa mnawajua kwa majina. Baada ya ibada, baada ya sala ya Ijumaa, ulizeni ni nani ana sindano wiki hii na nani atamsindikiza. Tengeni nauli yake katika sadaka. Nawe mwalimu, andika tarehe yake kwenye daftari lako la mahudhurio, umkumbushe jioni ya kuamkia siku hiyo, na asipofika darasani usimhesabie utoro.