Shukrani ni ya Nani?

Lugha yetu ina neno moja dogo ambalo wewe, msomaji, hulitamka mara nyingi kwa siku bila ya kulitazama. Neno hilo ni ahsante. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kwamba umetenda vema. Lizingatie kidogo. Halisemi kwamba mimi nimefurahi, wala halisemi kwamba kitu nilichopewa ni kizuri. Lamtaja mtendaji. Hapana awezaye kuuambia upepo ahsante, au kuiambia meza iliyojaa vyakula, maana upepo na meza havikutenda neno. Hapana budi awepo mtu, na mtu huyo awe ametenda jambo. Nakuomba ulichukue neno hili kama taa, kwani twaenda nalo mpaka nchi ya mbali kutazama sikukuu ambayo sisi hatuiadhimishi, ingawa mkia wake umekwisha kufika madukani kwetu.

Nchi hiyo ni Marekani, na sikukuu yenyewe huitwa Sikukuu ya Shukrani. Huangukia kila mwaka siku ya Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Siku hiyo shule na ofisi hufungwa, na watu walio mbali na wazazi wao husafiri kwa motokaa na kwa ndege ili wakae kwenye meza moja na jamaa zao. Bata mzinga huokwa mzima, pamoja na viazi, mahindi na maboga. Jambo moja katika desturi hii lastahili sifa kubwa: watu hawapeani zawadi. Kinachotakiwa ni chakula na watu wa kukila. Vijana wetu wanaosoma huko, mabweni yanapobaki matupu, huenda wakakaribishwa mezani na watu ambao juzi hawakuwajua. Sikukuu inayomfungulia mgeni mlango haiwezi kuitwa sikukuu mbaya.

Lakini siku hiyo humshukuru nani? Wengi watajibu kwamba humshukuru Mungu, mpaji wa riziki. Jibu hili ni jema, nami sina neno nalo. Walakini riziki ya Mungu haishuki kutoka mawinguni ikiwa imekwisha kupikwa. Hupita katika mikono, na mikono hiyo ina wenyewe.

Katika mwezi wa Novemba mwaka wa 1620, merikebu iliyoitwa Mayflower ilifika katika pwani ya Cape Cod, ikiwa na Waingereza 102 waliotaka kuanza maisha mapya. Walifika wakati mbaya. Baridi ilikuwa inaanza, na muda wa kupanda ulikuwa umepita. Watu wao waliotumwa kuipeleleza pwani waliona vilima vya mchanga uliosawazishwa kwa mikono, wakafukua, wakakuta vikapu vya mahindi. Ilikuwa akiba ya wenyeji. Wakayachukua, na mwaka uliofuata yakawa mbegu zao. William Bradford, ambaye baadaye alikuwa gavana wao, aliandika kwamba jambo hilo lilikuwa rehema ya pekee ya Mungu kwa watu wake maskini.

Sidhani kwamba shukrani yao ilikuwa ya uongo. Karibu nusu yao walikufa katika baridi ile, na mtu aliye katika mlango wa kifo hana nafasi ya kuigiza. Lakini yale mahindi yalikuwa yamepandwa na mtu. Mtu huyo aliinama akapalilia, akavuna, akayakausha, akafuma vikapu, akachimba shimo, akayafukia ili watoto wake wayakute. Kila hatua ya kazi hiyo ilikuwa ya mkono. Basi shukrani iliyopanda juu mbinguni bila ya kupitia kwa mtu huyo ilifika mahali pake, au ilipotea njia?

Haki yataka tuseme jambo moja zaidi. Waingereza wale walinuia kulipa, na baada ya miezi kadhaa waliwapata wenye mahindi wakawalipa. Deni la mahindi likaisha. Lakini kulipa ni jambo moja na kushukuru ni jambo jingine, nawe usiyachanganye. Mwenye kulipa hutaka mambo yaishe, yeye na mwenzake waachane wakiwa sawa. Mwenye kushukuru hukubali kwamba mambo hayataisha, na kwamba tangu siku ile yuko mtu ambaye hawezi tena kumpita njiani kama mgeni.

Nyuma ya mahindi hayo kulikuwa na mtu tunayelijua jina lake. Aliitwa Tisquantum. Katika mwaka wa 1614 nahodha mmoja wa Kiingereza alimteka pamoja na wenzake zaidi ya ishirini, akawapeleka Hispania kuwauza. Tisquantum aliponyoka, akafika Uingereza, akajifunza Kiingereza, na katika mwaka wa 1619 akarudi kwao. Kijiji chake cha Patuxet alikikuta kimya. Maradhi yaliyokuja na merikebu za wageni yalikuwa yameua watu wote. Na ni juu ya mashamba ya kijiji hicho hicho, yaliyokwisha kufyekwa, ambapo Waingereza wa Mayflower walijenga mji wao wa Plymouth. Mtu huyu, aliyeuzwa na Mwingereza, ndiye aliyewafundisha Waingereza kupanda mahindi na kutia samaki ardhini kuwa mbolea. Alikufa mwaka wa 1622. Sijui kama katika historia yote ya ukarimu kuna mwalimu aliyekuwa na sababu nyingi kuliko yeye za kukataa kufundisha.

Mavuno ya mwaka wa 1621 yalikuwa mazuri. Waingereza walifanya karamu, na Massasoit, mkuu wa watu waitwao Wampanoag, akaja na watu wake wapatao tisini. Wakawinda kulungu watano, wakawaleta, wakala pamoja kwa siku tatu. Karamu hiyo ndiyo ambayo Wamarekani huikumbuka leo. Wahenga wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikuwa wamekwisha kupewa jembe, na mbegu, na elimu ya shamba.

Wajukuu wa karamu ile hawakula pamoja. Katika mwaka wa 1675 vita vilizuka baina ya Waingereza na Wawampanoag, na aliyewaongoza wenyeji alikuwa Metacom, mwana wa Massasoit yule yule. Aliuawa mwaka wa 1676, na kichwa chake kikatundikwa juu ya mti huko Plymouth, kikakaa hapo miaka mingi. Mtoto wa mtu aliyeleta nyama mezani! Wala Plymouth haukukoma kuwa mji wa watu wa sala na shukrani.

Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1863, Rais Abraham Lincoln aliwataka Wamarekani wote washukuru siku moja, Alhamisi ya mwisho ya Novemba, nchi yao ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwanamke mmoja mhariri wa gazeti, Sarah Josepha Hale, alikuwa ameidai siku hiyo kwa miaka mingi kwa kalamu yake. Tangu hapo sikukuu ikawa ya taifa zima. Lakini katika mwaka wa 1970, Mwampanoag mmoja aitwaye Wamsutta Frank James alialikwa kuhutubu katika adhimisho la miaka 350 ya kufika kwa Mayflower. Wenye shughuli walipoisoma hotuba yake waliikataa, kwa kuwa ilitaja mambo ambayo hayakufaa kwenye karamu. Basi yeye na wenzake wakakutana juu ya kilima kiitwacho Cole's Hill, huko huko Plymouth, siku ya Alhamisi ya Shukrani, wakaifanya siku ya maombolezo. Maombolezo hayo hufanywa kila mwaka hata leo. Wako wasemao kwamba watu hawa huharibu furaha ya wenzao. Mimi naona kwamba wao ndio wanaolinda maana ya siku hiyo. Wanasema: mnashukuru, vema, geuzeni nyuso zenu, tupo hapa.

Sasa tazama jinsi sikukuu hii ilivyofungamana na Krismasi. Katika mwaka wa 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na ya mwisho iliangukia tarehe 30. Desturi ya wenye maduka ilikuwa kutoanza biashara ya Krismasi mpaka watu wamalize kushukuru. Wafanya biashara wakalalamika kwamba siku zilizobaki zilikuwa chache mno, na Rais Franklin Roosevelt akawasikiliza, akaivuta sikukuu nyuma kwa juma moja. Majimbo mengine yakakubali, mengine yakakataa, hata ikawa watu wa nchi moja wanashukuru katika majuma mawili mbalimbali. Fujo hiyo ilikwisha kwa sheria ya mwaka wa 1941, iliyoweka Alhamisi ya nne. Ucheke ukitaka, kichekesho hiki kina uchungu. Siku ya kusema kwamba tulicho nacho chatosha ilisogezwa ili watu wapate muda zaidi wa kununua wasicho nacho.

Kesho yake ni siku ambayo wenyewe huiita Ijumaa Nyeusi. Bei hushushwa, na maduka hufunguliwa kabla ya mapambazuko. Tarehe 28 Novemba, 2008, katika duka moja la Long Island, karibu na mji wa New York, umati uliosubiri nje usiku ulivunja milango alfajiri, na mfanyakazi mmoja aliyekuwa mlangoni akakanyagwa akafa. Yamkini wengi katika umati ule walikuwa mezani jana yake, wameinamisha vichwa. Sikuambii haya ili uwadharau. Watu wa umati ule hawakuwa wabaya kuliko wewe na mimi. Tamaa haimchukii mtu. Ila humtazama kama mlango, na mlango husukumwa.

Na Ijumaa hiyo imetufikia. Siku hizi maduka ya Nairobi huitangaza kwa herufi kubwa, na mengine huirefusha ikawa mwezi mzima. Alhamisi yake haikuja. Biashara huvuka bahari kwa wepesi kuliko sala. Hata hivyo sisi hatukukosa shukrani zetu: makanisa mengi ya nchi hii yana siku ya mavuno, ambapo watu hupeleka madhabahuni mahindi, ndizi, kuku na viazi, vitu ambavyo mpeleka huijua hata ardhi vilikotoka.

Kisha huja Desemba. Nauli hupanda, mabasi yaendayo mashambani hujaa, watoto hudai nguo mpya, na baba huhesabu fedha kwa jicho moja huku la pili likitazama karo ya Januari. Sisemi kwamba nguo mpya ni dhambi. Mama anenepeshaye jogoo tangu Septemba kwa ajili ya mwana atakayetoka Mombasa, anaitayarisha Krismasi kwa namna ambayo sijui kuilaumu, maana jogoo yule amekwisha kuwa na jina la mtu. Nalaumu maandalizi yasiyo na uso wa mtu ndani yake. Katika nyumba ngapi za mjini sikukuu nzima hupikwa na mtumishi ambaye watoto wake mwenyewe wako mbali, naye hutajwa katika sala ya chakula kwa maneno haya tu: "na mikono iliyokiandaa"?

Sasa nakuja kwako, msomaji. Katika nyumba nyingi za nchi yetu yupo mtu aliyeacha shule ili mwingine asome. Aghalabu ni msichana. Karo haikutosha wawili, akaambiwa angoje, akangoja mpaka kungoja kukawa ndiyo maisha yake. Huenda nyumbani kwenu yupo, na huenda aliyesoma ni wewe. Siku ya Krismasi, jamaa wote wakiwa wamekusanyika, utaombwa useme neno, nawe utasimama useme kwamba unamshukuru Mungu aliyekufikisha hapo ulipo. Utakuwa umesema kweli. Na dada yako atakuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa.

Utaniambia kwamba wahenga wamesema, tenda wema nenda zako, na kwamba yeye alitenda bila ya kudai malipo. Ni kweli. Lakini angalia methali hiyo yasema na nani. Yasema na mtendaji, ili moyo wake usitiwe sumu na kungoja. Haikusema na aliyetendewa hata neno moja. Aliyetendewa akiitumia kujisamehe, amesoma barua isiyoandikwa kwake.

Wala usidhani kwamba kitenge cha sikukuu kitatosha. Mpe kitenge, atafurahi. Lakini kitenge ni kama malipo ya yale mahindi. Liko jambo gumu zaidi, nalo ni kumwambia kwa kinywa chako mambo aliyokutendea, mwaka kwa mwaka, kama unavyoyajua. Watu wengi huona haya kufanya hivyo, na haya hiyo yafahamika, kwa sababu kumwambia ni kukiri kwamba angaliweza kuwa yeye aliyesoma na wewe uliyebaki. Huenda ukachagua saa ambayo wengine wamekwenda kanisani, au jioni ya kuamkia sikukuu, anapotayarisha chakula cha kesho. Bila shaka atakujibu kwamba si kitu, aendelee kupepeta mchele.