Nani Aliyepiga Picha Hii?

Waliokuwa wakivuka feri ya Likoni miaka ya 1990 wanavikumbuka vibanda vya picha vya pale kando ya kivuko. Nyuma ya mteja palitundikwa pazia lililochorwa ndege, meli au jumba la ghorofa ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulikanyaga. Kijana wa bara aliyekuja Mombasa kutafuta kibarua alisimama mbele ya ile ndege, suruali imepigwa pasi ikanyooka, kisha picha ikatumwa nyumbani. Kule nyumbani sidhani kama kuna aliyeamini kwamba mtoto wao ameanza kupanda ndege. Waliitazama, wakacheka, wakaibandika ukutani karibu na kalenda. Lamu nako alikuwepo Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza kazi mwenyewe, ambaye kwa mkasi na gundi aliunganisha vipande vya picha hadi akapata kitu ambacho hakuna kamera ingeweza kukiona. Waliomjua Bakor waliujua na mkasi wake.

Nayataja haya kwa sababu kila anayeandika siku hizi juu ya picha na akili mnemba huanza kama kwamba zamani picha ilikuwa malaika. Haikuwa. Mwaka 1840 Mfaransa Hippolyte Bayard, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alijipiga akiwa amejilegeza kama maiti ya mtu aliyekufa maji, kwa uchungu kwamba sifa na fedha za serikali zimemwendea mwenzake Daguerre. Mafundi wa Stalin walimfuta Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, kwenye picha aliyopigwa akiwa na bosi wake kando ya mfereji. Palipokuwa na mtu pakabaki maji matupu. Uongo na kamera wamekua pamoja. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba akili mnemba imeleta picha za uongo, nampa kiti na kahawa, lakini simwoni kama ana habari mpya.

Kinachonisumbua ni kwamba sasa inawezekana kuwepo picha ambayo hakuna mtu aliyeipiga.

Aprili 2023 msanii wa Kijerumani Boris Eldagsen alipanda jukwaani London, kwenye sherehe za tuzo za Sony World Photography Awards, akaikataa tuzo aliyokuwa ameshinda. Kazi yake ilionyesha wanawake wawili, mmoja amejificha nyuma ya mwenzake, kwa rangi zile zilizofifia za picha za miaka ya 1940. Wanawake hao hawajawahi kuzaliwa. Picha ilitoka kwenye programu ya kompyuta. Alisema aliipeleka makusudi, kuona kama mashindano yako tayari kwa jambo hili, akaona hayako. Mwaka uliofuata mpigapicha Miles Astray akacheza mchezo ule ule kinyumenyume. Alichukua picha halisi ya ndege heroe aliyeinamisha shingo kujikuna tumbo, hata akaonekana hana kichwa, akaiingiza kwenye kundi la picha za akili mnemba la mashindano ya 1839 Awards. Majaji wakaipa nafasi ya tatu na wananchi wakaipigia kura ya kwanza. Alipofichua kwamba heroe yule alikuwa wa nyama na manyoya, akaondolewa.

Hizo mbili zilisemwa sana. Ninayoirudia mimi ni ya tatu, ya Jonas Bendiksen wa Norway, mpigapicha wa shirika la Magnum. Mwaka 2021 alitoa kitabu juu ya Veles, mji wa Makedonia Kaskazini uliopata sifa mbaya mwaka 2016 kwa vijana wake kutengeneza tovuti za habari za uongo. Alikwenda Veles kweli, akapiga vyumba, mitaa na uwanja mtupu. Aliporudi nyumbani akapandikiza humo watu na dubu waliotengenezwa kwa kompyuta, na maandishi ya kitabu akaiachia mashine iyatunge. Kazi ikaonyeshwa Perpignan, Ufaransa, kwenye tamasha ambalo wakuu wote wa picha za habari duniani hukutana. Hakuna aliyeshtuka. Mwishowe ilibidi Bendiksen afungue akaunti bandia mtandaoni ajishtaki mwenyewe, na hata hapo ilichukua muda watu kusikia.

Kwa nini wataalamu wale walipitwa? Macho wanayo. Nadhani waliangalia jina kabla ya kuangalia picha. Magnum, Bendiksen, miaka mingi ya kazi safi: basi yaliyomo ni salama. Wengine husema kisa hiki kinathibitisha kwamba jina halina thamani tena. Mimi nakisoma vingine. Wote walioona aibu siku ile walikuwa na mtu wa kumgeukia, na mtu huyo alisimama akaeleza kipi ni cha kweli na kipi si cha kweli. Alikuwepo wa kuulizwa.

Wanasheria wamelizungusha siku nyingi swali hili la nani ni mtunzi wa picha. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani iliambiwa kwamba picha ya mwandishi Oscar Wilde haina mtunzi, kwa kuwa kamera ndiyo iliyofanya kazi. Majaji walikataa: Napoleon Sarony ndiye aliyemkalisha Wilde, akachagua nguo, mapambo na mwanga, basi mtunzi ni yeye. Tumbili wa Sulawesi aliyejipiga selfi mwaka 2011 kwa kamera ya Mwingereza naye alifikishwa mahakamani, kwa maana ya kwamba wanaharakati walimdai haki zake, na akashindwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina kifungu ambacho wengi hawajakiona: kazi ikitengenezwa na kompyuta, mtunzi ni yule aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili ipatikane. Waliotunga maneno hayo sidhani kama waliwahi kuota kwamba siku moja matayarisho yenyewe yangekuwa mstari mmoja wa maandishi kwenye simu. Hata hivyo sheria inaweza kumpata mwenye mali. Shahidi haiwezi kumtengeneza.

Jirani yangu aliozesha binti wakati mumewe ameshatangulia mbele ya haki. Kijana wa studio akamwambia, "Mama, nipe picha moja tu ya mzee, uso mzima, kazi niachie mimi." Baada ya siku chache akaletewa picha ya familia: marehemu amesimama kulia kwa bibi harusi, kanzu na koti, kivuli chake kimelala upande ule ule vivuli vya wengine vilipolala. Mama wa watu akalia. Binti akalia. Mimi niliyeitwa kuonyeshwa sikuwa na la kusema zaidi ya kumsifu fundi, na sijaona mpaka leo kosa lililofanyika siku ile, kwa sababu kila aliyekuwepo alijua mzee amelala wapi. Ilikuwa pazia la Likoni.

Lakini watoto huzaliwa. Mjukuu amekua, anafungua simu ya bibi yake, na juzi akauliza, "Bibi, kumbe babu alikuwepo harusi ya mama?" Bibi akanigeukia mimi, kama kwamba mwandishi wa gazeti ndiye mwenye majibu ya mambo hayo, halafu akamwambia, "Alikuwepo kwa dua, mwanangu." Jibu zuri, na la busara kuliko ambalo ningetoa. Ila mtoto huyo naye atakua, bibi hatakuwepo, na picha itabaki inasema neno moja tu, kwamba mzee alihudhuria.

Picha za wazee wetu zilikuwa na mgongo. Ukiigeuza unakuta muhuri wa studio, mtaa na mji, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu ya wino: Idi, mwaka fulani, mimi na shemeji. Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Familia nyingi za Unguja zina picha iliyotoka mikononi mwa baba au mwana. Ukitilia shaka, ulijua mlango wa kugonga. Picha ya simuni haina mgongo. Imepitia makundi 10 ya WhatsApp kabla hujaiona, na kila inapopita, yale maelezo madogo yaliyofichwa ndani ya faili, ya saa, mahali na aina ya kamera, huondolewa.

Mafundi wanajaribu kuirudishia mgongo huo. Kuna mfumo ambao kamera yenyewe hutia muhuri wa kidijitali pale kidole kinapobonya, na kila badiliko la baadaye huandikwa kama kwenye daftari la mahakama. Kamera ya kwanza kuuzwa ikiwa na mfumo huo, Leica M11-P, ilitoka Oktoba 2023 kwa bei iliyozidi dola 9,000. Mwakilishi wa gazeti wilayani, anayelipwa kwa picha iliyotoka na anayepiga kwa simu iliyopasuka kioo, hatainunua. Siudharau mfumo wenyewe. Bei zitashuka, simu nazo zimeanza kuupata. Nasema tu kwamba tusikae kuungoja.

Wakati tunaungoja, kuna wanaofaidi. Agosti 2024 Donald Trump alidai kwamba umati uliompokea Kamala Harris kwenye uwanja wa ndege wa Detroit ulitengenezwa na akili mnemba. Umati ulikuwepo, waandishi walikuwepo, video zilikuwepo, na watu maelfu walirudi makwao na jua la Michigan kichwani. Haikumzuia. Miaka ya nyuma mkubwa aliyepigwa picha akifanya jambo la aibu ilibidi akimbie, au aombe radhi, au amnunue mhariri. Siku hizi anasema tu kwamba picha imetengenezwa, na nusu ya nchi itamwamini. Hili naliona zito kuliko Papa Francis kuvalishwa koti la sponji la kifahari kwenye picha ya akili mnemba mwaka 2023. Aliyedanganywa na ile picha ya Papa hakupoteza kitu. Aliyepigwa risasi mbele ya kamera, kisha akaambiwa picha yake si kitu, amepoteza hata haki ya kusemwa kwamba alipigwa.

Hapo ndipo namkumbuka mpigapicha Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanzisha shirika la picha la Camerapix hapo hapo Dar akiwa kijana wa miaka 20. Alipiga Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964, na miaka miwili baadaye kamera yake ikamtia jela visiwani humo kabla ya kufukuzwa nchini. Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, na picha zake za njaa zikaizindua dunia hadi tamasha la Live Aid likafanyika mwaka uliofuata. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa uliuondoa mkono wake wa kushoto na kumuua mwenzake wa sauti, John Mathai. Alirudi kazini na mkono wa bandia. Akafa mwaka 1996 kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini karibu na Ngazija. Picha za watoto wa Korem leo mashine inaweza kutoa mifano yake kwa sekunde chache, pengine yenye mwanga mzuri kuliko ule. Hakuna mashine iliyokuwa pale kwenye baridi ya alfajiri.

Tukiulizwa sisi wa magazeti jina la mpigapicha lilikwenda wapi, tusiisingizie akili mnemba. Tulilitupa wenyewe kabla haijaja. Fungua gazeti lolote la Kiswahili, hili ulilolishika nalo limo, utakuta chini ya picha pameandikwa "Picha kwa hisani ya mtandao." Mtandao gani huo wenye hisani? Nani aliisimamia kamera? Kwingine ni "Picha na Mpigapicha Wetu", kwingine patupu kabisa. Tumewazoesha wasomaji miaka na miaka kwamba picha huota yenyewe kama uyoga, kisha tunashangaa kwamba hawaoni tofauti ya picha iliyopigwa na iliyotungwa.

Ningependa kila picha ya habari inayochapwa kwetu iandikwe nani alipiga, wapi, lini, na kama kuna kilichoongezwa au kuondolewa kisemwe. Iliyotengenezwa na mashine iandikwe hivyo, pamoja na jina la aliyeiagiza. Haigharimu dola hata moja, na mwakilishi wa wilayani atapata angalau jina lake kuwaonyesha wanawe.

Najua nitakavyojibiwa, na jibu lenyewe ni zito. Jina linaua. Desemba 2024 vijana kadhaa wa Kenya walitekwa baada ya kusambaza picha za Rais Ruto akiwa jenezani, picha za dhihaka za akili mnemba ambazo mtoto wa darasa la pili angejua si za kweli. Baadhi yao walirejea Januari 2025. Wenye mabavu hawajasahau kuuliza nani aliyetengeneza. Mpigapicha aliyesimama barabarani siku ya maandamano ana sababu ya kutotaka jina lake lionekane ukurasa wa mbele, na mimi sitamlazimisha.

Basi jina lake lisichapwe. Ila awepo chumba cha habari mhariri anayelijua, aliyezungumza naye kwa sauti usiku ule ule, akamuuliza alisimama upande gani wa barabara na nini kilikuwa nyuma ya mgongo wake, akaiona faili yenyewe kabla haijapitia kundi lolote. Simu ya ofisi kubwa ikilia saa sita usiku kusema picha imetungwa, mhariri huyo awe na la kujibu: imepigwa, namjua aliyeipiga, na jina sitoi.