Kuimba Pamoja Bila Kuonana

Kwaya ni kazi ya watu wengi. Kila Dominika, katika kapela ya kijiji, mwalimu wa kwaya huinua mkono, na sauti nyingi huwa wimbo mmoja. Anayechelewa hungojewa, anayekosea husahihishwa. Lakini je, watu waliotawanyika duniani pote, wasioonana wala kusikiana, waweza kuimba pamoja kwa kweli?

Swali hili si la mchezo. Mkatekumeni hufundishwa kwamba kwa Ubatizo ataingia katika Eklezya moja, yenye watu wa kila taifa, ambao wengi wao hatawaona kamwe hapa duniani. Kama haiwezekani kuwa na umoja na mtu asiyeonekana, basi fundisho hilo lingekuwa maneno matupu. Kwa hiyo inafaa jambo hili lichunguzwe kwa mfano.

Yuko mtungaji wa nyimbo wa Marekani aitwaye Eric Whitacre. Yeye alijipiga picha za sinema akiongoza wimbo, pasipo mwimbaji hata mmoja mbele yake. Mikono yake iliwaongoza watu ambao hawakuwapo. Picha hizo ziliwekwa kwenye intaneti, na kila aliyependa aliimba sauti yake nyumbani kwake, akiitazama mikono ile, kisha akapeleka alichoimba. Mafundi wakaziunganisha sauti zote. Wimbo wa kwanza ulitolewa mwaka 2010. Maneno yake ni ya Kilatini, nao walioimba walikuwa watu 185 wa nchi 12. Mwaka 2013 waimbaji walifika 5,905 wa nchi 101. Mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipofunga milango ya makanisa mengi, waliimba 17,572 wa nchi 129.

Wako wanaosema: hao hawakuimba pamoja, kila mtu aliimba peke yake, na mashine ikayadanganya masikio. Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshi. Nyumba hujengwaje? Mmoja hufyatua matofali wakati wa kiangazi, mwingine huchimba msingi, mwingine huezeka. Hawakufanya kazi saa moja, walakini nyumba ni moja, nayo ni ya jasho la wote. Basi kinachoifanya kazi kuwa moja si saa wala mahali, bali ni kusudi moja na utii kwa kiongozi mmoja. Aliyeimba sauti ya nne chumbani mwake alijua kwamba sauti hiyo peke yake ni kama nusu ya neno. Aliimba akizitumainia sauti ambazo hajazisikia. Kama angeharakisha au kupaza sauti ili asifiwe yeye, angeharibu kazi ya watu asiowajua. Matumaini hayo na unyenyekevu huo ni umoja wa kweli.

Hata hivyo, umoja huo una upungufu. Aliyekosea aliweza kurudia mara kumi, kisha akapeleka lililo zuri tu. Wimbo haukumdai mtu kumngojea mwenzake, wala kumvumilia, wala kumsamehe ugomvi wa jana. Sauti zilikutana, lakini mizigo haikukutana. Sivyo ilivyokuwa huko Kamina, Katanga, mahali ilipozaliwa Misa Luba, iliyoimbwa mwaka 1958 na wavulana na walimu wao chini ya Padri Guido Haazen. Sauti za Misa hiyo hazikuandikwa kwanza katika nota. Zilipatikana kwa kusikilizana: mmoja alianza, wengine wakamjibu. Asiyejua kumsikiliza jirani yake hawezi kuimba namna hiyo.

Eklezya inayo namna zote mbili, wala haiachi hata moja. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba wabatizwa ni viungo vingi vya mwili mmoja, wala kiungo hakiwezi kukikataa kiungo kingine. Kwa hiyo Mkristu aliye peke yake msituni, akisali Baba Yetu, husali pamoja na ndugu wa nchi za mbali, pamoja na roho za toharani, pamoja na watakatifu mbinguni. Hawaonani, lakini wote humtazama Kiongozi mmoja, Yezu Kristu. Walakini katika barua ileile Mtume aliwakaripia Wakorinto hao, kwa kuwa walipokusanyika kwa karamu ya Bwana walikula bila kungojana, na maskini wakabaki na njaa.

Basi, mkatekumeni asiseme: Nitasali nyumbani, inatosha. Wala asiseme: Eklezya ni watu wa kijiji changu tu. Anayewapenda walio mbali huku akikataa kuketi benchi moja na jirani aliyegombana naye, huyo hupeleka sauti nzuri na kuuficha moyo wake. Naye anayemvumilia jirani yake, lakini amdharau mgeni wa kabila jingine, ameusahau wimbo ulivyo mpana.

Swali: Je, mtu aweza kuwa na umoja na ndugu asiowaona?
Jibu: Ndiyo, kwa imani moja na kwa kumtii Bwana mmoja.

Swali: Je, umoja huo hujulikana kwa nini?
Jibu: Kwa upendo anaomtendea ndugu anayemwona.