Kosa Dogo ni Dogo kwa Nani? Amana ya Kuwaandikia Viziwi



Vyuoni mwetu wapo wanafunzi viziwi, na baadhi yao tunasimama nao safu moja katika swala. Ijumaa humwona khatibu akisogeza midomo, na Jumatatu mhadhiri hivyo hivyo. Wakalimani wa lugha ya alama hawatoshi. Teknolojia inaahidi kuziba pengo hilo kwa programu inayosikiliza kipaza sauti na kuandika kwenye skrini maneno yanayosemwa, papo kwa papo. Google ilitoa Live Transcribe mwaka 2019 kwa kushirikiana na Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi cha Washington kilichoanza mwaka 1864. Mwaka 2022 OpenAI ilitoa Whisper, ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuipakua na kuifanyia utafiti.

Kazi hii ni njema. Lakini anayefunga programu hiyo mbele ya kiziwi anabeba amana gani?

Tuanze na kipimo. Watafiti wengi huhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa, kisha hugawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Tuseme mhadhiri anasema maneno 120 kwa dakika. Kwa saa moja ni maneno 7,200. Programu inayosifiwa kwa usahihi wa asilimia 95 itakosea maneno 360. Na kipimo hiki hakijui uzito wa neno. Katika Kiswahili, kukanusha huweza kukaa ndani ya silabi moja. Mhadhiri wa famasia akisema "usizidishe dozi" na skrini ikaandika "uzidishe dozi", hilo ni kosa moja, sawa na kukosea "basi" au "haya".

Ndiyo maana Pablo Romero-Fresco na Juan Martínez walibuni mizani iitwayo NER, ambayo Ofcom ya Uingereza iliitumia kupima maandishi ya televisheni. Kosa dogo hukatwa 0.25, la kawaida 0.5, na lile linalozaa maana mpya ya uongo hukatwa 1 kamili. Wao walitambua kwamba kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana kuwa kosa.

Wapo watakaosema: kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Hoja hii ina nguvu, wala mimi siipuuzi. Mwanafunzi aliyekuwa hapati lolote, leo akapata sehemu kubwa ya mhadhara, amepata heri. Lakini tofauti ipo. Sisi tunaosikia, skrini ikikosea, tunacheka na kuendelea, kwa kuwa sikio limekwisha kuisahihisha. Kiziwi hana shahidi wa pili. Asiyepata kitu anajua kwamba hajui, na ataomba daftari la mwenzake. Aliyepewa uongo uliopangwa vizuri hana sababu ya kuuliza.

Hapa urithi wetu una la kutufundisha. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na uadilifu wa mpokezi. Waliuliza pia juu ya umakini wa hifadhi yake. Walioruhusu kupokea kwa maana, badala ya neno kwa neno, walishurutisha mpokezi ajue kipi hugeuza maana. Na mpokezi alipotia shaka baina ya maneno mawili, shaka yenyewe iliandikwa ikabaki vitabuni hadi leo. Hawakuificha ili matini ipendeze.

Programu nazo zina shaka. Nyingi hulipa kila neno alama ya uhakika, kisha skrini huitupa alama hiyo na kuyaonesha maneno yote kwa wino mmoja. Whisper imewahi kuandika sentensi nzima wakati wa kimya, bila mtu kusema. Tena iliundwa kusoma sauti kwa vipande vya sekunde 30. Anayeitaka iandike papo kwa papo hukata vipande vifupi, na muktadha unapopungua makosa huongezeka. Kwa hiyo anayechagua kasi amechagua pia kiasi cha makosa, na atakayeyalipia ni mwingine.

Je, tuyapake rangi maneno yenye shaka? Pengine rangi nyingi zitamchosha msomaji. Watafiti wa Rochester Institute of Technology, Marekani, wamelichunguza jambo hili pamoja na viziwi wenyewe, na hiyo ndiyo njia ya haki: mwenye kudhurika na kosa awe na kauli katika kuchagua kasi, alama za shaka, na kiwango cha kuridhika.

Tukumbuke sababu ya kuteremka Surat Abasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi alipojiwa na Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyetaka kufundishwa, na Mola akamzindua kwa ajili yake. Baadaye kipofu huyo alikuwa mwadhini Madina. Mtafiti anayewaonesha wafadhili skrini yake inayong'aa huku kiziwi akingoja mlangoni aulizwe maoni, aisome sura hiyo tena.

Basi wewe unayesoma kompyuta, funga programu, ifanyie utafiti, na usingoje ikamilike ndipo uanze. Ila mwambie mwenzako ukweli juu ya inachoweza na isichoweza, na mhadhara ukiisha keti naye mpitie palipokosewa. Kufikisha neno la mtu kwa mtu ni ushahidi, na ushahidi wenye shaka husemwa pamoja na shaka yake.

Wallahu a'lam.