Udaktari ni Faradhi Juu Yetu Sote

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, katika nchi ya Migori, karibu na mji wa Rongo, kipo kijiji kiitwacho Lwala. Mwalimu mmoja wa hapo, Erastus Ochieng', alitamani watu wake wapate zahanati. Mwanawe, Milton, alipopata nafasi ya kusoma katika chuo cha Dartmouth, Marekani, nauli haikuwapo. Wanakijiji wakauza kuku na ng'ombe wao, wakakusanya kama dola 900, wakampa, na sharti lao lilikuwa moja tu: asiwasahau. Nduguye, Fred, akamfuata. Kisha wazazi wao wote wawili wakafa kwa ukimwi kabla zahanati haijakamilika. Vijana wale wakachangisha fedha hali wangali wanafunzi, na mwaka 2007 mlango wa zahanati ukafunguliwa. Wote wawili wakahitimu udaktari katika chuo cha Vanderbilt, na zahanati ile imekua ikawa hospitali.

Watu hawa si wa dini yetu. Lakini wema hausemwi kuwa si wema kwa sababu ya aliyeutenda. Na huko huko Nyanza, katika mji wa Kendu Bay, wako ndugu zetu Waislamu tangu zamani. Na hospitali mashuhuri ya mji huo iliasisiwa na wamisheni wa Kisabato mwaka 1925. Hatuwalaumu wamisheni: waliona haja, wakaitimiza. Twajiuliza sisi, tumeitimiza ipi?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria (1111), ameeleza katika Ihyau Ulumid Din kuwa utabibu ni fardhi kifaya: akitokea wa kuutosheleza mji, wengine wamesalimika, asipotokea, mji mzima una dhambi. Kisha akastaajabu kuwa miji mingapi haina tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, na huku watu wasongamana katika fikihi na mabishano yake. Maneno haya yatuelekea sisi masheikh kabla ya kumwelekea mwenye duka.

Atasema mtu: "Shifaa yatoka kwa Mungu, nasi tuna kombe na hirizi." Kweli, shifaa ni Yake. Lakini Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu wajitibu, na amefundisha kuwa Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Dua hatuikatai, nayo ni silaha ya muumini. Lakini mzazi amwagikwaye na damu usiku wa manane, kombe halitamrudishia damu yake. Amtakaye mkunga na daktari hakuiacha tawakali, ameifuata amri.

Basi na tupime. Ni nani fakiri zaidi, wale waliouza kuku, au sisi tufanyao harusi ya siku tatu, pilau ikamwagwa, na kesho yake kijana hodari wa mtaa huo huo akatolewa shule kwa kukosa karo?

Shauri letu ni hili. Kila msikiti na uwe na sanduku, lifunguliwe kila mwezi mbele ya watu na hesabu isomwe. Achaguliwe mtoto mmoja mwenye akili, asomeshwe mpaka mwisho. Na binti ana haki ya kutangulizwa, kwani mama zetu wangapi huficha maradhi kwa kuona haya mbele ya daktari mwanamume, mpaka yakawa hayatibiki! Naye apewe sharti lile la Lwala: asitusahau.

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul Maida, Aya ya 32, kuwa aokoaye nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Hakusema kuwa thawabu hiyo ni ya daktari peke yake. Aliyeuza kuku wake ana fungu lake.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na utufanye tuwe sababu ya kupona kwao. Amin.