Nyama ya Watoro

Somo letu la juma hili ni Kutoka 12, chakula cha Pasaka, usiku wa mwisho wa Waisraeli huko Misri. Mwanakondoo achomwe motoni, asichemshwe. Aliwe na mboga chungu, na walaji wawe wamekwisha kuvaa viatu. Ni chakula cha watu walio mbioni.

Jamaika kuna nyama iliyozaliwa katika mbio kama hizo. Waingereza walipowanyang'anya Wahispania kisiwa hicho mwaka 1655, Waafrika wengi waliokuwa watumwa walitorokea milimani, wakaishi kwa kilimo na kuwinda nguruwe mwitu. Wataino, wenyeji wa asili wa kisiwa, walikuwa na desturi ya kubanika nyama juu ya uchaga wa miti mibichi. Watoro wakaiendeleza. Nyama ilitobolewa ikashindiliwa chumvi, pilipili kali ya jamii moja na pilipili mbuzi yetu, na punje za pimento, ambazo hunukia kama karafuu, mdalasini na kungumanga vilivyotwangwa pamoja. Kuni nazo zilikuwa za mpimento. Moto mdogo, moshi mwingi, tena kwa saa nyingi. Nyama iliyokaushwa hivyo haikuoza upesi; askari wakikaribia, mtu aliweza kuifunga na kuondoka nayo. Leo inaitwa jerk, na katika vibanda vya Boston Bay wageni hupanga foleni kuinunua.

Watoro hao ni Wamaroon. Mwaka 1739 Waingereza, baada ya kushindwa kuwamaliza kwa vita, walifanya mkataba na kiongozi wao Cudjoe, wakawaachia uhuru na ardhi. Kila tarehe 6 Januari kijiji cha Accompong husherehekea, na chini ya mwembe uitwao Kindah hupikwa nyama ya nguruwe isiyotiwa chumvi, kwa heshima ya wahenga.

Lakini mkataba huo ulikuwa na sharti: mtumwa atakayetoroka baada ya hapo, Wamaroon wamrudishe. Wakakubali. Mwaka 1760 Tacky alipoongoza watumwa wenzake kuasi, aliyempiga risasi alikuwa Mmaroon.

Ni vigumu kuwahukumu. Walikuwa wamewindwa kwa zaidi ya miaka 80, na watoto wao hawakuwahi kuijua amani. Hata hivyo sharti lile hunichoma kila nisomapo Kumbukumbu la Torati 23:15-16, ambapo watu waliotolewa Misri wanaagizwa wasimrudishe kwa bwana wake mtumwa aliyewakimbilia. Akae kwao, tena mahali atakapopachagua mwenyewe. Aliyekula Pasaka ana deni kwa yule ambaye bado anakimbia, na deni hilo Mungu halifuti kwa sababu mlaji sasa ameshiba na ana shamba.

Pwani yetu nayo ilipata mtihani huo. Miaka ya 1880 watoro walikimbilia misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, na mabwana zao wakaja kuwadai. Mwishowe fedha zililipwa kuwakomboa, na tarehe 1 Januari 1889 wakapewa hati za uhuru.

Kwetu watoro hawajaisha. Yupo binti anayekimbia kuozwa kabla hajamaliza shule. Yupo mfanyakazi wa ndani anayekimbia kipigo, bila mshahara wala nauli. Mara nyingi hubisha hodi kwa watu wa kanisa, nasi, tukiogopa maneno ya majirani, tunampigia simu mwajiri au baba aje amchukue. Tunafanya hivyo tukiwa tumetoka kwenye Meza ya Bwana!

Nawasihi, ndugu zangu: akija mtu wa namna hiyo nyumbani kwako juma hili, mfungulie, umpe chakula na mahali pa kulala. Kisha mwite mchungaji au mzee wa kanisa, mwende naye pamoja kwenye dawati la jinsia la polisi. Usimrudishe.